Mama Uganda wa Shamba Langu

Mbwa wangu alikuwa wa kwanza kunisaliti. Jina lake Simba, na mimi ndiye niliyemlea kwa maziwa tangu hajafungua macho. Lakini nikitoka sokoni na Mama Uganda akitoka kwenye chai, tukafika langoni pamoja, Simba alinipita mimi kama mlingoti wa stima akaenda kumrukia yeye. Mkia unazunguka, masikio chini, mate yote kwenye aproni yake ya plastiki. Yeye alikuwa akimfukuza kwa matusi ya kwao. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi nilimpapasa, yeye alimtukana, na mbwa akaona afadhali matusi.

Jina la mwanamke huyo sitaliandika. Kwetu huku Bomet hakuna aliyelitumia hata hivyo. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbale, kuchuma majani chai, na kabla hajamaliza mwezi watu walikuwa wameshamwita Mama Uganda, utafikiri ile nchi nzima ameizaa yeye. Na mimi nilianza kumwonea wivu mapema hivyo hivyo. Nasema wivu waziwazi kwa sababu mchungaji wetu hupenda maneno ya upole, husema "changamoto za moyo". Haukuwa changamoto. Ulikuwa wivu, ulikaa hapa kifuani na ulichemka.

Mtu wa mbali atauliza, mwenye shamba anamwonea mchumaji wivu wa nini? Chai ilikuwa yangu, ng'ombe wangu, hata kile chumba cha mbao nyuma ya jikoni alimolala kilikuwa changu. Basi nieleze. Nilizaa watoto, nikawasomesha, na masomo yakawachukua. Kijana wangu mkubwa yuko Kanada, anatunza wazee wa watu wengine. Anayemfuata alienda Saudia kuendesha lori. Chebet, kitinda mimba wangu, akaenda Doha kufanya kazi ya hoteli. Kila mmoja aliondoka analia, akaahidi, akapiga picha na mimi hapo uani, na nyumba ikazidi kuwa kubwa. Mama Uganda naye alifika na mkoba mmoja wa nailoni, na kila Januari ilionekana ule mkoba umezaa mtu. Wangu wakaondoka mmoja mmoja, wake wakaja mmoja mmoja. Nilipobaki mjane nilitaka kitu kimoja tu, mtu mmoja wa kunichagua mimi kwanza. Yeye alichaguliwa na kila mtu, na wala hakuonekana kuhitaji.

Alikuwa na utaratibu wa kuleta watu wake. Alianza na mdogo wake wa kiume, kijana ambaye hajaoa, akamweka kwa jirani kuchunga na kukama. Kijana alipotulia akafuata binamu wa kike, wa kupika na kulea watoto. Wanawake walioolewa walikuja baadaye, mtoto akishaacha kunyonya na kukiwa na nyanya wa kumwachia. Wanaume wa makamo walichuma miezi kadhaa, wakarudi kupanda mahindi yao, wakaja tena. Wazee hawakuja kabisa. Nilimuuliza siku moja tukiwa kwenye senta ya majani, tunangoja lori la kiwanda.

"Kwani kwenu hakuna wazee?"

"Wako wengi sana. Lakini mpaka ni wa mutu mwenye mgongo, Mama Chebet. Muzee akivuka, nani atabaki na watoto?"

"Na nyinyi mnaovuka, mnafuata nini kwetu? Huku pia ni shida tu."

"Shida yenu inakunywa chai ya maziwa," akasema. "Yetu inakunywa ya rangi."

Senta yote ikaangua kicheko. Karani wa mizani alicheka mpaka akasahau kusoma mizani yangu. Mimi nilitaka kucheka pia, lakini niliuma midomo, maana nilijua kesho maneno hayo yatasemwa kila mahali na hakuna atakayekumbuka kwamba swali lilikuwa langu.

Alichosema kilikuwa kweli lakini, na sisi tulikuwa upande wa pili wa mambo yaleyale. Vijana wetu walikuwa wanaenda uwanja wa ndege, vijana wa Uganda wanashukia njia panda kuchukua panga na kikapu walivyoviacha. Ukiingia kanisani kwetu Jumapili, viti vya mbele vilijaa vitambaa vya kichwa vya nyanya wa Kipsigis, viti vya nyuma vilijaa vijana wa Mbale na Tororo, na katikati unaweza kutandika godoro ukalala. Hata wale Waburundi wanaotembeza njugu na mayai ya kuchemsha walikuwa wameanza kukaa kule nyuma. Walipoimba wao, dirisha lilitetemeka. Sisi wa mbele tulikohoa na kugeuza kurasa.

Mkono wake kwenye chai ulikuwa mwepesi, siwezi kumnyima hilo. Majani mawili na chipukizi, anarusha nyuma begani bila kuangalia, na mdomo haufungi. Marehemu mume wangu alisimama siku moja pale juu ya mtaro akamtazama, akasema, "Huyu mama anachuma kama anachukua vyake." Nilimwambia angalia chai, usiangalie mchumaji. Akacheka, na kucheka kwake kulinikera wiki nzima. Hakukuwa na jambo lolote kati yao, najua, na wakati mwingine nilitamani lingekuwepo, ningemfukuza nikiwa na sababu.

Kisha kuna ile siku ya mvua ya mawe. Wenye kuijua chai wanajua mvua hiyo inavyofanya. Ilinyesha alasiri, ikapasua kila jani, shamba zima likabaki vijiti vyenye matambara. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kichwa. Mama Uganda alitoka, akaokota jiwe moja la barafu, akalitia mdomoni, akalitafuna kwa sauti, akasema, "Leo Mungu amechuma mwenyewe, na hajabakisha." Majirani walipokuja kutoa pole walipita mlango wangu wakaenda kule nyuma ya jikoni, wakakaa juu ya kitanda chake, na nikawasikia wanacheka. Chai ilikuwa yangu lakini pole ilienda kwake.

Kutengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, alijifunza kwangu. Mimi mwenyewe nilimwonyesha jinsi ya kuchoma kijiti cha mti wa senetwet na kukwangua kibuyu ndani mpaka maziwa yatoke na ile rangi ya majivu. Baada ya muda wageni wa kanisa wakinywa walikuwa wanauliza, "Hii ni ya Mama Uganda ama ni yako?" Nikisema ni yangu walisema ni nzuri pia. Neno hilo "pia" lilinichoma. Yeye mwenyewe hakuipenda mursik. Alipenda malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, ambayo vijana wake walimtolea msitu wa Mau. Aliyapika na njugu za kusaga. Sisi hatuli mianzi, lakini mume wangu alikula, Chebet akala, hata mchungaji akala akaomba ya kubeba. Mimi nilisema tumbo langu halikubali. Nilikula siku moja tu, hakuna mtu nyumbani, na yalikuwa matamu.

Usifikiri alikuwa malaika. Alikuwa muongo wa kupindukia na alipenda kuamuru watu. Binti akitaka kuhama nyumba aliyomweka, lazima apite kwake kwanza. Kijana akipata mpenzi, lazima apelekwe akakaguliwe. Aliwahubiria wote kwamba Krismasi kila mtu arudi kwao, asiyerudi ni mtu aliyepotea, na Desemba alisimama barabarani akiwapakia kwenye basi na magodoro na mablanketi yao kama askari. Basi likiondoka, yeye akarudi jikoni kwangu kukoroga ugali. Krismasi nyingi hakuvuka mpaka. Ukimuuliza anasema mume wake alikufa, nyumba bila mume ni baridi.

Mwaka mmoja marehemu huyo akafika. Mimi ndiye niliyemfungulia lango. Mwanamume mfupi, koti la suti, kofia mkononi, anauliza kwa adabu kama mke wake anachuma hapa. Siwezi kuficha, nilifurahi. Nikamwongoza mwenyewe mpaka katikati ya chai ili nione uso wa Mama Uganda ukianguka. Haukuanguka. Aliinua kichwa, akamtazama, akasema karibu, akaendelea mpaka mwisho wa mstari. Jioni mezani, mbele ya majirani waliokuja kushangaa, akamtambulisha.

"Huyu ndiye yule marehemu mume wangu."

Na yule mwanamume akasimama akatusalimia mmoja mmoja. Alikula, akangoja mvua ipite, akapewa kuku, akaenda zake. Nilimfuata Mama Uganda jikoni.

"Ulituambia alikufa!"

"Kwangu alikufa. Kwa wengine sijui."

Mimi wangu alikuwa amekufa kweli wakati huo. Nilikuwa nimemzika hapo chini karibu na mti wa mparachichi, na hata nikingoja miaka mingapi hawezi kutokea langoni na kofia mkononi akanywa chai. Hata marehemu wake walikuwa wanamrudia. Usiku huo sikumsemesha, na asubuhi aliniwekea uji mezani bila kuuliza kosa lake.

Kuhusu kufa kwa mume wangu nina neno moja tu. Alilazwa hospitali ya Longisa, na siku za mwisho akili ilikuwa inakuja na kupotea. Nilikaa pale nimemshika mkono, nimeacha kila kitu. Asubuhi moja akafungua macho, safi kabisa, akanitazama, akasema, "Mama Uganda amefunga ndama?" Nikamwambia amefunga. Akafunga macho na hakusema tena neno lenye maana. Wanangu walipopiga simu kutoka huko nje kuuliza baba alisema nini, niliwaambia alituombea wote. Wanajua hivyo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, la mjukuu.

Chebet alirudi kutoka Doha na mimba. Baba wa mtoto hakuja wala hakutajwa, na mimi sikuuliza sana, nilifurahi tu kwamba nyumba itapata sauti. Alijifungulia Longisa, mtoto wa kike, jioni ng'ombe wanaporudi, kwa hiyo akawa Chelangat. Lakini hilo ni jina la saa. Sisi Wakipsigis mtoto lazima apewe pia jina la mtu aliyetangulia. Kina mama wanakaa na mtoto, wanataja wafu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wachungaji wanatugombeza na bado tunafanya, halafu tunampeleka kanisani akabatizwe.

Nilikuwa na jina langu tayari. Mama yangu mzazi, Taprandich. Kwa kawaida wanaotajwa ni wa ukoo wa baba, lakini huyu hakuwa na baba wa kuja kudai, na shangazi wa mume wangu, mama mkongwe aliyeongoza kikao, alikubali kwamba majina ya upande wao yakikosa chafya nitapewa zamu. Niliomba kimoyomoyo yakose. Nilimtaka mama yangu arudi ndani ya nyumba ile. Nilijiambia, huyu sasa atakuwa wangu, huyu hatampita mtu mwingine mbele yangu.

Shangazi akaanza. Akataja Tapletgoi, mtoto kimya. Akataja mwingine na mwingine, wote wa upande wao, na kutia ugoro kidogo karibu na pua. Kimya. Ikafika zamu yangu. Nikamwinamia mtoto nikasema, "Taprandich. Njoo, Taprandich." Mtoto akapiga mwayo. Nikarudia. Akalala.

Wakati huo mlango ukafunguliwa kwa kisigino. Mama Uganda aliingia na sufuria ya malewa kwa wageni, na moshi wa jikoni ukaingia naye, kwa sababu mianzi ile ilikuwa imekaushwa juu ya moto na kuni zilikuwa mbichi. Akamwona mtoto amelala katikati ya akina mama wote wanaomtazama, akacheka.

"Analala kama mama yangu. Marehemu mama yangu, hata kwenye matanga alikuwa analala. Jaribuni jina lake, Nambozo."

Na mtoto akapiga chafya. Ilikuwa chafya kubwa, ya mtu mzima, mpaka kofia ikasogea.

Akina mama wakapiga vigelegele, kwanza wawili watatu, halafu nyumba nzima. Nikasimama.

"Hapana! Ni moshi! Hata mimi nataka kupiga chafya. Fungueni dirisha, turudie."

"Haturudiangi," akasema shangazi kwa Kiswahili chake kizito cha Kipsigis. "Mtoto amejagua. Jina imegwisha kuja."

"Shangazi, ni mtu wa Mbale! Ni mtu hata hatujui kaburi yake!"

"Sasa utajua," akasema shangazi, na kunyoosha mkono apewe malewa.

Mama Uganda alikuwa ameweka sufuria chini. Alimchukua mtoto, akamtazama, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, na wote wakalia naye isipokuwa mimi. Mpaka leo nasema ni moshi. Nitasema hivyo nikiwa kwenye jeneza.

Tangu siku hiyo alimwita yule mtoto Mama. Alimwamkia kila asubuhi kwa kupiga magoti, kwao mwanamke huwapigia magoti wakubwa wake, na kumwomba ruhusa. "Mama, naenda kuchuma, umeruhusu?" Mtoto akicheka, ameruhusu. Akilia, Mama Uganda alikuwa anakaa chini mpaka anyamaze, na majani yangu yananingoja. Chebet aliporudi Doha akatuachia mtoto, mambo yakazidi. Chelangat alipoanza kusema alikuwa anamgombeza Mama Uganda kama binti yake. "We! Nakupa chakula humalizi!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi alikuwa akiniita Kogo, yaani nyanya, kwa adabu na kuninyooshea mkono kama anavyofunzwa kumnyooshea mwalimu.

Chebet naye akipiga simu: "Mum, uko poa? Sawa. Hebu nipatie Mama Uganda nimsalimie, halafu tutaongea." Hiyo halafu ilikuwa fupi siku zote. Mara bando imeisha, mara anaitwa kazini. Nilikuwa nasimama mlangoni nikiwasikiliza wanavyocheka kwenye simu yangu.

Kisha zikaja mashine za kuchuma. Vijana wawili wanabeba, inanguruma, inanyoa chai kama nywele za mwanafunzi. Jirani mmoja akaikodisha, kisha mwingine, na watu wa Mama Uganda wakaanza kutawanyika. Wengine walienda Kedowa kulima viazi, mmoja akapata kuchunga ng'ombe Siongiroi, wengi wakasikia Nairobi inaita. Mimi sikuleta mashine. Nilisema inaharibu chai. Lakini magoti yake yalikuwa yamechoka, na asubuhi umande ulimwuma miguuni. Jioni moja akaniambia amejenga nyumba kwao, ina mabati, na kahawa yake imeanza kuzaa.

"Naenda kukaa ndani nikiwa bado naona," akasema. "Wengi wanajenga na wanaletwa wamelala."

Nilimwambia ni vizuri. Nilifurahi, na furaha yangu haikuwa ya uongo. Siku ya kuondoka nilipika chapati na kuchinja jogoo, nikavaa nguo ya kanisani. Chelangat alilia mpaka akatapika. Mama Uganda alimpigia magoti mara ya mwisho, akamwomba ruhusa, na mtoto akakataa. Basi likapiga honi. Akaondoka bila ruhusa.

Nilingoja kufurahia. Siku za kwanza nilikaa kwenye kiti changu uani, nikasema sasa hii ni nyumba yangu. Simba alikaa langoni, mgongo amenipa. Nilipata mchumaji mwingine, binti kutoka Tororo, mpole, anachuma huku ameweka vidude vya simu masikioni, na siku nzima hatusemi neno. Nilikuta nachukua kiti changu napeleka kwenye mlango wa kile chumba cha mbao kwa sababu jua la jioni hupiga huko. Nilijiambia ni jua. Chebet alipopiga simu tulizungumza mpaka mwisho, sisi wawili tu, kama nilivyotaka siku zote, na tukamzungumzia Mama Uganda.

Desemba iliyopita Chelangat, ambaye sasa anang'oa meno ya utoto, alinisumbua mpaka nikakubali. Anataka kumwona binti yake. Tukapanda basi hadi Malaba. Pale mpakani niliwaona vijana wakirudi kwao kwa Krismasi, magodoro kichwani, redio, mablanketi, mabinti wamesuka nywele mpya. Mzee hakuwepo kati yao ila mimi, na mimi nilikuwa naenda upande wao. Askari aliniuliza, "Mama, unaenda Uganda kufanya nini?" Nikasema naenda kutembea. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia.

Alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake, ungo wa njugu magotini, amenenepa kidogo. Alipomwona Chelangat aliweka ungo chini, akashuka kwenye benchi, na yale magoti mabovu yakagusa ardhi. "Mulembe, Mama," akamwamkia kwa lugha yake. Na mtoto, bila aibu hata kidogo, akamwekea mkono kichwani akamwuliza kwa nini aliondoka bila ruhusa. Wakazi wa pale walikuja mbio kumwona Nambozo aliyerudi kutoka Kenya. Wazee wenye fimbo walimwita Mama, wakambeba kwenda kumwonyesha kaburi lake. Kwangu hakuna aliyepiga magoti. Roho iliniuma kidogo, lakini kwa hilo nilikuwa nimezoea.

Kilichoniuma hasa kilikuwa kwenye benchi. Pembeni yake alikaa mwanamke mrefu, mweusi sana, makovu mazuri ya urembo kwenye paji la uso. Alitoka Sudan Kusini. Vita vilimfukuza, akaja kumvunia Mama Uganda kahawa, na sasa alilala kwenye chumba cha nyuma. Walikuwa wanamenya njugu kwenye ungo mmoja. Mama Uganda aliniambia nimekonda, nikae, nani ananipikia siku hizi. Nikaletewa kiti cha mgeni, kizuri, chenye kitambaa, kikawekwa mbali kidogo mahali pa heshima. Wakaendelea kumenya. Yule mwanamke akasema jambo kwa lugha ambayo sikuijua, nusu Kiarabu, na Mama Uganda akacheka kile kicheko cha senta, cha kutupa kichwa nyuma.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Aa, haiwezi kuingia kwa Kiswahili," akasema, akipangusa macho.

Miaka yote ile sikuwahi kuhitaji mkalimani wa kicheko chake. Nilikaa kwenye kiti cha kitambaa, mkoba magotini, nikawatazama mabega yao yanavyogusana. Nilimwonea wivu yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote duniani. Nikasimama. Sikuwa nimepanga.

"Dada, samahani," nikamwambia yule wa Sudan. "Nipishe hapo. Huyu ni mtu wangu."

Mama Uganda alinitazama kwa muda mrefu, na nilidhani atatoa mzaha, na nilijua ukitoka mzaha nitachukua mjukuu wangu nirudi Malaba jioni hiyohiyo. Hakutoa mzaha. Alisogeza ungo, akamgusa mwenzake pajani.

"Mpishe," akasema. "Huyu ni wangu wa kwanza."

Nikakaa. Benchi lilikuwa na joto. Nikatia mkono kwenye ungo bila kukaribishwa nikaanza kumenya, na yule mwanamke wa Sudan akahamia kwenye kiti changu cha kitambaa, akakaa wima, akanitazama kwa macho ninayoyajua vizuri sana.